Saa ya Daktari Yarudi Mezani Kwangu

Barua zenu mhariri amenipa, na nimezisoma zote. Mama mmoja ameniandikia kwamba kama kweli sikuua, basi ninyamaze nilee wajukuu zangu. Mama, sina mjukuu hata mmoja, na kunyamaza ndiko kulikonifikisha hapa. Acha niseme.

Anayeanza kunisoma leo ajue machache. Mimi ni fundi saa. Miaka kumi na moja iliyopita, daktari wa meno aliyependwa kuliko wote mjini kwetu alikutwa amekufa kwenye kiti cha wagonjwa wake, kichwa kimelazwa nyuma kama anayesubiri kung'olewa jino. Alikuwa amenyongwa kwa waya wa mashine yake mwenyewe. Mlango haukuvunjwa, na hakuna kilichopotea isipokuwa saa yake ya mkononi.

Watu wakaiita Kesi ya Kiti. Iliwagombanisha vinyozi na wateja wao, na nasikia zipo ndoa zilizotikisika kwa sababu mume anasema huyu na mke anasema yule. Washukiwa tulikuwa wanne: mjane wake, daktari mwenzake waliyekosana naye, msaidizi wake aliyekuwa na funguo, na mimi. Magazeti yaliniita Mtu wa Saa, na jina limening'ang'ania mpaka leo.

Nilikosa nini? Alfajiri ya siku ileile niliifungua saa ya daktari, akaja kuichukua saa mbili na nusu asubuhi, na tukazozana mbele ya watu. Alidai nimembadilishia gurudumu la ndani ya mashine. Hakuna fundi saa duniani ambaye hajaambiwa hivyo. Tofauti ni kwamba aliyeniambia mimi alikutwa maiti kabla ya saa sita mchana.

Wiki iliyopita niliwaacha mahakamani, baada ya siku tisa za mahabusu, shemeji yangu akiwa ameinua mkono wa kulia anaapa. Shemeji ni mume wa dada yangu, msoma mita za maji. Aliapa kwamba tangu saa tatu hadi saa tano asubuhi ile alikuwa ameketi nami dukani. Nami nikaapa hivyohivyo. Mwishowe hakimu akatuachia wote wanne kwa kukosa ushahidi.

Leo naliweka wazi neno ambalo sijawahi kumwambia mtu. Shemeji hakuwa dukani. Nilikuwa peke yangu, napambana na saa ya ukutani ya shule moja. Shemeji aliapa uongo, na mimi nikaapa uongo.

Kwa uongo ule nilimshukuru miaka kumi na moja. Akinituma, nakwenda. Akinitania mbele za watu kwamba mimi ni mnyongaji mstaafu, nacheka kuliko wote. Mtu aliyekutoa kwenye mdomo wa kifo utamfanya nini?

Haya, sasa sikilizeni yaliyonipata Alhamisi moja ya mwaka huu.

Duka langu ni upenyo tu kati ya muuza vitambaa na fundi viatu. Nikinyoosha mikono yote miwili nagusa kuta zote mbili. Kuna meza ya kazi, kaunta yenye ubao wa kuinua, kabati la kioo, kigoda kimoja cha mteja, na mlango mmoja. Dirisha halipo. Ndiyo kwanza nilikuwa nimewasha taa ya mezani, dada akaingia.

Dada yangu ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa na miaka sita, yeye ana kumi na minne, akaacha shule ili mimi niende. Hajawahi kunikumbusha hilo hata siku moja, na ningependa angenikumbusha walau mara moja, maana deni la namna hiyo lisilodaiwa ndilo linalokunyima usingizi.

Alinipa saa iliyofungwa kwenye leso.

"Mdogo wangu, hii ya shemeji yako. Leo wanamuaga kazini, anastaafu. Nataka iwe inatembea kabla ya saa sita."

Nikamwambia akae, hakukaa. Alinitengeneza kola ya shati kama ninayekwenda shuleni, akasema atarudi, akatoka. Nilimwona amechoka, nikadhani ni maandalizi ya sherehe. Mtu akitaka kutojua, hakosi sababu.

Hapa lazima niwaeleze jambo la kazi yetu. Fundi saa akifungua saa ya mteja, huchukua sindano akakwaruza alama yake ndogo ndani ya kifuniko cha nyuma, pamoja na tarehe. Mteja haioni kamwe. Ni habari ya fundi kwa fundi: fulani alikuwa humu, siku fulani. Yangu mimi ni mistari mitatu iliyokutana chini, mfano wa mguu wa kuku.

Mafundi wengi huweka alama kazi ikishakwisha. Mimi naweka mwanzo. Mzee aliyenifundisha alikuwa na msemo wake kwamba fundi anayeweka alama mwishoni ni mwoga, anasubiri kwanza aone kama ameharibu. Basi nikazoea hivyo, na mkono wangu umezoea kuliko mimi. Nafungua, nageuza kifuniko, nakwaruza, hata lenzi sijaiweka jichoni. Ni kama mtu anavyovua viatu mlangoni, hakumbuki alivivua saa ngapi.

Ndivyo nilivyofanya. Mguu wa kuku, tarehe ya Alhamisi ile. Nikapuliza vumbi la chuma. Kisha nikaweka lenzi jichoni, nikatazama.

Pembeni ya mguu wangu wa kuku palikuwa na mguu mwingine wa kuku. Chini yake palikuwa na tarehe ninayoijua kuliko siku yangu ya kuzaliwa.

Niligeuza saa upande wa uso. Mkanda ulikuwa umebadilishwa, na kioo pia, ili isitambulike. Lakini ndani mashine ilikuwa ileile, na gurudumu lile lile ambalo daktari alinitukana akidai nimembadilishia. Sikuwa nimelibadilisha. Hata kwa hofu ile niliridhika kidogo kuliona, na kuridhika kwenyewe hakukudumu hata nusu dakika.

Kwa maana sikilizeni. Mahakamani nilichora alama yangu kwenye karatasi, wakaiandikia namba, ikawa kielelezo. Mpelelezi aliyeshika kesi ile aliwaambia waandishi wa habari, na maneno yake yakachapwa ukurasa wa mbele: atakayekutwa na saa ndiye aliyeua. Sasa saa ilikuwa mezani kwangu. Na si kwamba ningeweza kusema sikuitambua. Nilikuwa nimetia sahihi.

Niifute alama? Kifuniko cha saa ni chembamba. Ukikisugua unaacha mng'aro ambao fundi yeyote atauona, na huko kufuta ndiko kutakuwa kukiri. Niitupe? Dada anarudi saa sita kuichukua. Niitengeneze niirudishe kimya, ikae mkononi mwa shemeji mpaka fundi mwingine aifungue? Fundi huyo atakuta miguu miwili ya kuku, mmoja wa siku daktari alipokufa na mmoja wa mwaka huu. Kila nilikogeuka nilijikuta mimi mwenyewe.

Nikakaa na kile kifuniko mkononi. Ndipo jambo jingine likaanza kunijia polepole, na nililisukuma, likarudi.

Shemeji alikuja kunipa ule uongo jioni ya siku ileile ya mauaji. Aliinama kwenye meza hii hii akasema, "Wakiuliza, sema nilikuwa nawe." Polisi walinijia kesho yake mchana. Jioni ile nilikuwa sijashukiwa na mtu. Hakuna aliyekuwa amenitaja bado. Kwa miaka kumi na moja nilijua siku zote mbili, na sikuwahi hata mara moja kuziweka pamoja.

Sikuua. Nilikuwa nimemfichia aliyeua, na nilikuwa nikimshukuru kwa hilo.

Nikiwa katika hali hiyo shemeji akaingia. Alivaa suti mpya ya kuagwa, kitambulisho cha kazi bado kinaning'inia shingoni. Kwa kawaida humtangulia utani wake, unamsikia tangu kwa fundi viatu. Siku hiyo aliingia kimya, akavuta mlango nyuma yake, akainua ubao wa kaunta ambao mteja hauinui, akapita ndani. Magoti yetu yaligusana. Duka lile halikujengwa kwa watu wawili wenye siri moja.

Aliniuliza kama dada ameleta saa. Nikasema ameleta. Akaniuliza kama nimeifungua. Nikamwambia kazi yangu ni kufungua. Akafuta uso kwa kiganja, kisha akanitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonitisha.

"Shemeji," alisema, "saa hii niliikuta chini ya godoro lako. Chumba cha uani, ulipokuwa ukikaa kwetu. Siku ileile. Nikajua umefanya nini, nikamwonea huruma dada yako. Nimebeba mzigo wako miaka yote hii na sijakuuliza kitu."

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: kwa muda wa kuvuta pumzi mbili hivi, nilijiuliza kama ni mimi niliyeua. Alisema vizuri mno. Nilirudi mawazoni asubuhi ile, nikajitafuta, nikajikuta dukani na saa ya ukutani ya shule, mikono ina mafuta. Ndipo akili ikanirudia.

Nikamwuliza, kama uliikuta kwangu na ulitaka kuniokoa, mbona hukuitupa? Mji huu una mashimo ya mita za maji elfu ngapi, na wewe ndiye mwenye ufunguo wa mifuniko yake yote.

Alichukua sindano yangu ya kukwaruzia kutoka mezani, akaichungulia ncha.

"Mtu hatupi kitu ambacho siku moja kinaweza kumwokoa," alisema. "Nakujua wewe. Ushaikwaruza, sivyo? Sasa humo ndani mna alama zako ngapi?"

"Mbili."

"Na zangu?"

Akairudisha sindano mahali pake, taratibu, kama mgeni mwenye adabu.

Kisha akabadili sauti, akawa shemeji wa kila siku. Alinieleza kwamba mambo yote yanaweza kwisha pale pale. Niishindilie nyundo saa ile mpaka iwe unga, yeye atamwambia mkewe kwamba imekufa, haitengenezeki, na sherehe iendelee. Mimi nitabaki fundi, yeye atabaki mstaafu, na dada yangu atabaki na mume na mdogo wake wote wawili. Alilitaja jina la dada mwishoni makusudi. Anajua pa kunishikia.

Mnataka niwaambie nilikataa. Hata mimi ningependa iwe hivyo. Nilichukua nyundo. Nikaiweka saa kwenye kile kipande cha chuma ninachopigia pini za mikanda, nikainua mkono, huku moyoni nikisema labda hivi ndivyo watu wengi wanavyoishi.

Mlango ukafunguliwa kutoka nje.

Alikuwa dada, na nyuma yake alikuwa Afande.

Afande ndiye yule mpelelezi wa Kesi ya Kiti. Alistaafu miaka saba iliyopita, lakini kila mwezi huja dukani na saa yake nitazame kama inakwenda sawa. Saa yake haijawahi kuwa na ugonjwa wowote. Anakuja kuitazama mikono yangu ikifanya kazi. Nami kila mwezi naifungua, naifunga, namwambia iko salama, anaondoka. Tumezeeka hivyo, yeye na mimi.

"Nimemwomba Afande aje," dada alisema.

Aliingia, Afande akaingia, na sasa tulikuwa wanne ndani ya upenyo ule, kila mmoja akipumua hewa aliyoitoa mwenzake. Nyundo ilikuwa bado mkononi mwangu. Niliishusha kama mtu anayeshusha kikombe.

Afande aliiona saa. Hakuuliza ruhusa. Alinyoosha mkono akachukua kifuniko, akachukua na lenzi yangu, akaiweka jichoni kwa ustadi ambao sikuutegemea. Alitazama kwa muda mrefu. Jirani wa vitambaa alikuwa akikata, nilisikia mkasi wake.

"Hii naijua," akasema. "Ulinichorea. Na hii nyingine ya leo."

"Ndiyo, Afande."

"Ni saa ya nani?"

Shemeji aliwahi kabla yangu. Alisema ni yangu mimi, kwamba aliikuta chini ya godoro langu siku daktari alipouawa, kwamba aliificha kwa ajili ya mkewe, na kwamba moyo wake umechoka kuficha. Maneno yalimtoka bila kukwama. Aliniuza mbele ya dada yangu katika muda usiozidi wa kufunga vifungo vya shati, na uso wake ulikuwa na majonzi ya kweli kabisa.

Dada alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema, bila kupandisha sauti, "Mume wangu, unadanganya."

Miaka thelathini ya ndoa sijawahi kumsikia akimpinga hadharani.

Dada akaeleza, na nitawaeleza kama alivyoeleza. Mwaka ule alikuwa na jino lililokataa kupona. Asubuhi ile saa tatu alikuwa kwa daktari. Msaidizi alikuwa ametoka, walikuwa wawili tu. Daktari alikuwa amekasirika, saa yake imesimama tena hata saa nzima haijapita tangu aichukue kwangu. Akaivua, akamwekea dada mkononi, akamwambia ampelekee mdogo wake airekebishe kama mtu mwenye akili.

Kumbe ilisimama. Hata pale, shingo yangu ikiwa kwenye kitanzi, nilipata aibu ya kazi.

Dada alipita nyumbani kwanza kuinjika chakula. Aliiweka saa kwenye mkebe wake wa nyuzi, akatoka uani kuanika nguo. Alimsikia mumewe akiingia, jambo ambalo hakulizoea saa za kazi, akamsikia akitoka tena. Aliporudi ndani, mkebe ulikuwa wazi na saa haipo. Saa sita wakaja kumwambia daktari amekufa.

"Alikuwa akihesabu nakwenda kwa daktari mara ngapi," dada alisema. Bado alikuwa akimtazama Afande, si mumewe. "Aliwahi kuniuliza ni jino gani hilo linalotaka kuonwa mara sita."

Afande akamwuliza kwa nini hakusema wakati ule. Hapo ndipo dada alipogeuka kwangu.

"Ningesemaje? Saa ilikuwa njiani kuja kwako. Ningefungua mdomo wangu, wangekunyonga wewe. Nami sikuwa na hakika imekwenda wapi. Niliomba Mungu iwe imeibwa tu."

Alisema alipata hakika Jumatatu. Shemeji alitakiwa kurudisha mkoba wa kazi, ule wa ngozi wa kubebea vitabu vya mita, na dada akaukung'uta ili urudi msafi. Saa ilikuwa imeshonewa ndani ya bitana, kwa uzi uliotoka kwenye mkebe wake mwenyewe. Siku tatu alikaa nayo. Mwishowe alionelea ailete kwangu kama kazi ya kawaida, kisha amfuate Afande. Mumewe alipoukuta mkoba umefumuliwa, alimjibu kwamba ameipeleka saa kwangu itengenezwe.

"Sikuweza kulisema peke yangu," alisema. "Nilitaka na wewe uwe umeiona."

Basi alikuwa ameniacha mimi na saa ile asubuhi nzima, akiniamini. Alidhani akirudi atamkuta mtu aliyekwisha kuelewa, aliye tayari. Alinikuta na nyundo.

Afande alikaa kwenye kigoda. Aliweka kifuniko mezani, na lenzi juu yake. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona ni mzee.

Alimwambia dada, kwa heshima, kwamba amemsikia, lakini ayapime maneno yake mwenyewe. Kwa kauli yake, yeye ndiye aliyekuwa peke yake na daktari saa tatu, na yeye ndiye aliyeondoka na saa. Mumewe anasema lake, yeye anasema lake, na mkoba hauzungumzi. Daktari alikufa kati ya saa tatu na saa tano. Mume ana mtu aliyeapa kwamba muda huo wote alikuwa mahali pengine. Mke hana mtu.

"Kwa hiyo limebaki neno moja," alisema, akanigeukia. "Fundi, hapa si mahakamani na mimi sina cheo. Nakuuliza kama mtu. Kati ya saa tatu na saa tano, shemeji yako alikuwa wapi?"

Dada alishusha mabega. Nililiona hilo vizuri. Lilikuwa swali ambalo yeye alijua jibu lake, na alijua mimi nalijua, na kwake jambo lilikuwa limekwisha. Miaka kumi na moja alikaa kimya kwa ajili yangu. Zamu yangu ilikuwa ni neno moja tu: sijui. Sijui alikuwa wapi, Afande, kwa sababu nilikuwa peke yangu.

Lakini mnielewe. Swali lile niliulizwa siku tisa mfululizo, nikiwa macho na nikiwa nusu usingizini, kwa upole na kwa makofi. Lilikuwa na jibu lake tayari kinywani, limekaa pale miaka yote. Nikalitazama jibu jingine, nikaona yaliyo nyuma yake: kiapo cha uongo, miguu miwili ya kuku, na mimi asubuhi ile peke yangu, bila shahidi hata mmoja, nimetoka kugombana na marehemu. Nikimvua shemeji, na mimi nabaki uchi. Shemeji alikuwa akinitazama kwa utulivu kabisa. Alikuwa amelifikiria hilo kabla yangu.

"Alikuwa hapa," nikasema. "Na mimi. Tangu saa tatu."

Sauti haikutetemeka. Ilitoka safi, kama siku ile mahakamani.

Kisha nilisikia pumzi ndefu ikimtoka shemeji puani. Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mimi na shemeji tulikuwa tumefunikana. Aliyebaki nje alikuwa dada peke yake.

Afande aliniangalia mpaka nikatazama meza. Aliifunga saa ndani ya leso ya dada, akaitia mfukoni. Alisimama, akamwambia dada kwamba angependa waende wote wawili mahali wakazungumze vizuri, polisi wenye kazi yao wakiwepo.

Nilimsubiri dada apige kelele, anilaani, aniite jina lolote. Alinitazama tu, kama anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe na hakioni.

"Twende, Afande," alisema.

Shemeji ndiye aliyewainulia ubao wa kaunta. Walipita mmoja baada ya mwingine, dada mbele. Mlango ulikuwa wazi, na kati yangu na yeye hapakuwa na kitu isipokuwa meza. Sikuinuka.